Akili Mnemba Inapokabidhiwa Daftari: Nani Anabaki Msimamizi wa Kumbukumbu?

Kwa miaka mingi programu za kuandikia madokezo katika simu na kompyuta zilikuwa na kazi moja, kutunza kile ambacho mtumiaji amekiandika. Hali hiyo sasa inabadilika. Mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazopewa lengo na kujichagulia hatua za kulifikia, wameanza kuruhusiwa kuyasoma madokezo hayo, kuyahariri, kuyaunganisha na hata kuyafuta.

Mabadiliko haya yamekuja kwa kasi. Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa Model Context Protocol, utaratibu wa wazi unaowezesha modeli za lugha kuunganishwa na mafaili na programu nyingine. Septemba 2025, kampuni ya Notion ilitangaza mawakala wanaoweza kuandaa na kurekebisha kurasa nyingi kwa agizo moja. Kwa upande wa Obsidian, ambayo hutunza madokezo kama mafaili ya maandishi ya kawaida ndani ya kompyuta ya mtumiaji, wakala aliyepewa ruhusa ya kuandika katika folda husika anaweza kuyabadilisha moja kwa moja.

Manufaa yake yako wazi. Wakala anaweza kupanga madokezo ya miaka kadhaa kwa mada, kusahihisha tahajia na kukusanya maazimio ya vikao vingi katika orodha moja. Ni kazi ambayo mtumishi angeifanya kwa siku nzima.

Hata hivyo, kuhariri ni kugusa maana. Chukulia mfano wa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Iwapo wakala aliyeagizwa “kuboresha lugha” atabadili maneno “wajumbe walipendekeza” kuwa “wajumbe waliidhinisha”, sentensi itasomeka vizuri zaidi, lakini kijiji kitakuwa kimepewa uamuzi ambacho hakikuufanya. Kosa la namna hiyo ni gumu kuligundua kwa sababu halina dalili ya kosa: sarufi ni sahihi, tarehe ni ileile na jina la katibu liko mahali pake.

Hatari ya pili inatoka nje ya daftari. Modeli za lugha hazina uwezo wa uhakika wa kutenganisha maandishi ya kusomwa na maagizo ya kutekelezwa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha agizo ndani ya barua pepe au waraka, na mtumiaji akiuhifadhi katika madokezo yake, wakala anaweza kulitii. OWASP, taasisi ya kimataifa inayoshughulikia usalama wa programu, imeiweka hatari hiyo katika nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya mwaka 2025 ya hatari 10 za programu zinazotumia modeli kubwa za lugha.

Kwa Tanzania, suala hili lina sura ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za watu ziwe sahihi, zilindwe dhidi ya mabadiliko yasiyoidhinishwa, na usafirishaji wake nje ya nchi ufuate masharti. Madokezo ya ofisi mara nyingi huwa na majina, namba za simu na hata hali za kiafya za wananchi. Pale wakala anapotegemea modeli iliyo katika seva za nje, kumfungulia daftari ni kuzituma taarifa hizo nje ya mipaka. Jukumu la kuzilinda hubaki kwa taasisi iliyozikusanya, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo msimamizi.

Tahadhari zinazohitajika si ngumu. Kwanza, wakala aanze na ruhusa ya kusoma pekee, katika folda moja iliyochaguliwa. Pili, mabadiliko yake yaje kama mapendekezo yanayoonesha maneno ya zamani na mapya, na mtu ayakubali au ayakatae. Tatu, historia ya matoleo ihifadhiwe ili nakala ya awali irejeshwe inapohitajika. Nne, kumbukumbu zenye uzito wa kisheria, kama mihtasari iliyokwisha kusainiwa, zisiguswe kabisa.

Teknolojia hii itaendelea kuenea, na wananchi wana haki ya kunufaika nayo. Lakini saini iliyo chini ya muhtasari ni ya binadamu, na ndiye atakayeulizwa siku mgogoro utakapofika barazani. Ni wajibu wake kujua kila neno lililo juu ya saini hiyo limetoka wapi.