Mavyaa Anaposahau: Ni Maradhi, Si Roho Mbaya



Hina, udi na mapambo ya chumba tunayazungumza kila siku. Leo tunataka kuzungumza jambo ambalo bibi harusi mara nyingi haambiwi mpaka ameshaingia nyumbani kwa mume: mavyaa ambaye kumbukumbu zake zimeanza kuondoka.

Dalili zake wengi wetu tunazijua. Mama anatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Anasali Adhuhuri, na baada ya robo saa anatandika msala tena. Anaficha pochi chini ya godoro, akiikosa anasema mke wa mwanawe kamwibia. Jioni anafunga kanga anataka kurudi kwao, na hapo alipo ni kwake kwa miaka arubaini. Majirani nao wana majibu yao: uzee tu, karogwa, au hampendi mkwewe. Bibi harusi anabaki analia usiku akiamini kuwa kachukiwa.

Rai yetu ni moja. Haya ni maradhi. Familia iyaseme wazi kabla ya nikah, na kumlea mama kuwe kazi ya watoto wake wote, si ya mke mgeni peke yake.

Madaktari huita hali hii demensia, na iliyo nyingi zaidi ni maradhi ya Alzheimer. Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake aliyoyaona katika ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki: mabonge ya protini nje ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani yake. Mgonjwa huyo alikuwa mwanamke aliyelazwa Frankfurt akiwa na miaka 51 tu, na miongoni mwa dalili zake za mwanzo ilikuwa kumtuhumu mumewe. Zingatieni hapo. Tuhuma ni dalili. Mama anayesema umemwibia hakutukani. Ubongo wake haukumbuki alikoweka pochi, na unajaza pengo hilo kwa hadithi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hapa Tanzania utafiti umefanyika. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta asilimia 6.4 wana demensia. Kwa hiyo tusiseme haya ni maradhi ya Wazungu.

Shirika hilohilo linasema kuwa asilimia 70 ya saa za kuwalea wagonjwa hawa zinatolewa na wanawake. Ndiyo maana tunaona utafiti huu usibaki kwa madaktari tu. Mwenye kubeba mzigo ndiye mwenye haki ya kujua umebeba nini.

Jambo la kwanza la kujua ni kuwa si kila kusahau ni demensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi polepole, maambukizi ya njia ya mkojo, sonona, au dawa zinazogongana, yote yanaweza kumchanganya mzee, na yanatibika. Mama akianza kusahau, apelekwe hospitali kwanza. Wapo wanaosikia maradhi ya akili wakafikiria Kidongo Chekundu na maneno ya watu, wakaona aibu. Aibu hiyo inaweza kumkosesha mama tiba ya vidonge vya wiki moja.

La pili, dawa ya kuponya bado haijapatikana. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha lecanemab, ambayo hupunguza kasi ya Alzheimer kwa walio katika hatua za mwanzo. Lakini haiwarudishii walichopoteza, na inaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu. Kwa hiyo anayekuuzia unga wa kurudisha kumbukumbu za mama kwa siku arubaini, mwambie ahsante na ufunge mlango.

La tatu, kukosekana kwa dawa si kukosekana kwa msaada. Kulekule Hai, wazee 34 wenye demensia walikusanywa katika vikundi kwa vikao 14, ndani ya wiki saba, wakizungumza, wakikumbushana mambo ya zamani na kufanya kazi ndogondogo za kuchangamsha akili. Uwezo wao wa kufikiri ukapanda. Kitu kama hicho hakishindikani barazani kwetu. Muulize mama harusi yake ilikuwaje, nani alikuwa somo wake, nyimbo gani ziliimbwa. Mpe mchele achague, mpe ukili asuke. Akisema anataka kwenda kwao, usibishane naye. Muulize kwao kukoje, na mwende mkitembea mpaka kibarazani.

La nne linawahusu maharusi wenyewe. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Yamo humo presha, kisukari, uzito, kutokuwa na mazoezi, upweke, na kutosikia au kutoona vizuri bila ya matibabu. Na la mwanzo kabisa katika umri wa mtu ni kukosa elimu utotoni. Binti anayebaki skuli anaukinga ubongo wake wa miaka 70. Chai ya sukari nyingi na mandazi kila asubuhi, presha isiyopimwa, mzee asiyesikia akaachwa peke yake pembeni: hayo tuyarekebishe sasa, tungali vijana.

Ama dini yetu, imeshalitaja jambo hili. Katika Surat An-Nahl, aya ya 70, Allah ametueleza kuwa wapo watakaorudishwa kwenye umri dhaifu mpaka wasijue kitu baada ya kuwa na ujuzi. Na mwenye kuondokewa na akili hakalifishwi. Basi tusimfokee mama kwa kuzidisha rakaa.

Tukumbuke pia kuwa aya ya 23 ya Surat Al-Israa, inayokataza hata kuguna mbele ya mzazi mzee, inawasemesha watoto. Wajibu ni wao. Mke akimhudumia mavyaa wake ni ihsani, na ujira wake kwa Allah ni mkubwa. Lakini ihsani hutolewa kwa ridhaa. Ikilazimishwa kwa kufichwa, huzaa uchungu, na uchungu huo humwangukia mgonjwa.

Tunajua wapo watakaosema tunawatisha maharusi na kuwaharibia watu posa. Sisi tunaona kinachovunja nyumba ni kushtukizwa. Binti akiambiwa kweli, wengi watasema bismillahi na kuingia. Basi wakati wa mazungumzo ya posa, wazee waulize bila ya haya: mama kaonwa na daktari? Mchana anakaa na nani, na usiku? Gharama ni za nani? Mawifi na mashemegi wana zamu gani? Kumwogesha kunawahusu binti zake kwanza, na wanawe wa kiume wanaweza kupika, kufua na kukesha.

Nawe dada uliye tayari ndani ya nyumba hiyo, omba siku yako ya kupumzika bila ya kuona haya. Mlezi akianguka, mama naye ataanguka.

Allah awahifadhi wazazi wetu na awape watoto wao subira ya kuwalea. Aamin.