Karani Naye Asomeshwe

Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007 pale Chimwaga, habari za waalimu kupelekwa masomoni twazisikia sana. Hatuwahusudu, mwalimu asiyesoma atafundisha nini? Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu ya Tanzania, na kuwasomesha waalimu ni mojawapo ya kazi za fedha hizo.

Lakini twauliza, nani aandikaye matokeo ya mitihani? Katika chuo kimoja tulichotumikia, daftari ziliondolewa, kompyuta zikaletwa, nasi tukafundishwa asubuhi moja tu. Tarakimu ikikosewa mwanafunzi hukosa cheti, na karani huitwa mvivu. (Amwitaye hivyo mara nyingi ndiye aliyemnyima ruhusa ya kusoma.)

Wazee wetu waliounda chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, na Martin Kayamba mbele yao, hawakungoja kuhurumiwa. Chuo cha Utumishi wa Umma kina matawi Singida na Tabora. Basi twataka fedha za kuwasomesha makarani zitengwe mbali na za waalimu, na majina ya wanaopelekwa yabandikwe ubaoni.