Usipake Silikoni Kama Siagi

Msomaji, ikiwa babu alikuachia pikipiki ya Triumph au BSA, bila shaka umezoea kukuta matone ya oili sakafuni kila asubuhi. Ukimwita fundi, aghalabu atakuja na mrija wa silikoni tayari kuipaka kama siagi kwenye mkate. Hebu mzuie kwanza.

Pikipiki hizo za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 zina kasha la injini lililokatwa wima. Nusu zake mbili za alumini hukutana bila gasketi, gundi peke yake. Nati zikikazwa, gundi ya ziada hutokea nje na ndani vilevile. Ya nje utaipangusa. Ya ndani huioni! Silikoni ikikauka huwa kama mpira, nayo hukatika vipande na kusafiri pamoja na oili. Nyingi za injini hizi zina vichungi vya wavu wa waya tu, na pampu ya Triumph hutegemea vigololi vidogo vya chuma. Kichembe kikinasa chini ya kigololi kimoja, pampu huacha kufanya kazi sawasawa.

Ya mjomba wangu ilikwama njiani hivyo hivyo. Tulipoifungua tulikuta kipande kisichozidi punje ya mchele. Fundi alikuwa ameilipisha kazi yake vizuri sana.

Mimi ningechagua Hylomar, gundi ya buluu ambayo Rolls-Royce ilishiriki kuibuni kwa ajili ya injini za ndege. Haikauki ikawa ngumu, kwa hivyo ukifungua injini tena hutatumia nguvu. Kasoro yake ni kwamba haizibi mikwaruzo mirefu. Ikiwa kuna fundi aliyewahi kuchokonoa kasha lako kwa bisbisi, basi tafuta Yamabond, ambayo Yamaha huiuza kwa kazi kama hii. Vyovyote vile, ondoa gundi kuukuu kwa kijiti cha mbao, futa kwa asetoni, kisha paka utando mwembamba upande mmoja. Silikoni ya kawaida iweke mbali na kabureta, maana petroli huifanya ivimbe.

Lakini kabla hujafungua chochote, kagua bomba la kupumulia la injini. Likiziba, hewa inayosukumwa na pistoni huitoa oili kwenye kila kiungo, na hakuna gundi ya dukani itakayoizuia. Kulizibua ni kazi ya dakika chache, kwa kipande cha waya.