Ultrasaundi ishuke mwaloni

Huku Kanda ya Ziwa, mvuvi akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, ataambiwa ana vidonda vya tumbo. Wengine watasema karogwa. Mimi ninayepiga picha za ultrasaundi nasema: tazameni na ini.

Nikishampaka jeli na kuweka kifaa chini ya mbavu za kulia, mara nyingi jibu liko pale pale. Mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini umetanuka, na matawi yake yamezungukwa na kuta nene nyeupe. Nikihamia kushoto, bandama imevuka mbavu na kushuka karibu na kitovu. Hicho ni kichocho cha tumbo, pengine alichokipata akiogelea utotoni. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai kwa siku. Mengine hupenya utumbo na kutoka na kinyesi, wakati mwingine pamoja na damu. Mengine husombwa hadi kwenye ini na kuacha makovu. Damu ikizibiwa njia, hugeukia mishipa ya umio, ambayo huvimba na inaweza kupasuka.

Praziquantel huua minyoo, lakini makovu yaliyokomaa hayaondoki kirahisi. Mwenye picha kama hiyo anatakiwa apelekwe kwenye kipimo cha kamera, mishipa ifungwe au aanzishiwe dawa ya kupunguza msukumo wa damu, angali mzima. Akianza kutapika damu usiku huko Ukerewe, Mwanza iko ng'ambo ya maji.

Mashine nyingi za vituo vyetu vya afya zinawahudumia wajawazito, na ziendelee. Lakini mashine hiyo hiyo huona ini na bandama. Kinachokosekana ni mafunzo. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kusoma picha hizi tangu mwaka 2000, na mwaka 2022 lilishauri kuwa penye maambukizi mengi dawa ya kichocho isiishie kwa wanafunzi, iwafikie na watu wazima.

Kwa hiyo naziomba halmashauri zenye mialo: dawa zikigawiwa, mtaalamu mmoja ashuke mwaloni na ultrasaundi ya kubeba, asubuhi wavuvi wanaporudi na dagaa. Hawa hawataacha nyavu waje hospitali ilhali hawaumwi, na wengi wenye ini la namna hii hawasikii maumivu yoyote mpaka siku damu inapotoka.