Mazungumzo ya Karani: Sote Tulisikia, Wala Halikusemwa

Leo usiku, chakula kikiisha, jaribuni mchezo huu nyumbani. Baba au mama awasomee wengine maneno haya polepole, asirudie: kitanda, mkeka, mto, ndoto, usiku, shuka, miayo, uchovu, kukoroma, kuamka. Kisha zungumzeni mambo mengine kidogo, halafu kila mmoja ataje maneno aliyoyasikia. Yaelekea atatokea mtu wa kusema "usingizi", pengine hata wawili watatu, na watakuwa tayari kuapa. Tazameni tena: neno hilo halimo.

Bwana Deese wa Marekani alifanya majaribio ya namna hii mwaka 1959. Roediger na McDermott wakayarudia mwaka 1995, wakaona vivyo hivyo. Hao wasemao "usingizi" si waongo. Maneno yote yaliyosomwa ni majirani zake usingizi, na akili, ikiwaona majirani wote wamefika, humhesabu na yeye.

Sasa tutoke mchezoni. Sisi wa Newala na Masasi, ambao Mto Ruvuma tu ndio unaotutenga na ndugu zetu wa Msumbiji, hatuhitaji kuelezwa Eduardo Mondlane alikuwa nani. Lakini aliuawa wapi? Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba bomu lilimlipukia ofisini kwake, Dar es Salaam. Sivyo. Tarehe 3 Februari 1969 alipitia barua zake ofisini, kisha akaenda nyumbani kwa rafiki yake, Betty King, huko Oyster Bay, apate kufanya kazi kwa utulivu. Huko ndiko alikofungua kifurushi cha kitabu, na bomu lilikuwa ndani yake.

Kwa nini basi ofisini? Kwa sababu kiongozi hukaa ofisini, na barua hufika ofisini. Mwingereza Bartlett aliandika mwaka 1932 jinsi alivyowasomesha Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Marekani, kisha akawataka waisimulie. Mitumbwi iligeuka mashua. Kila mtu alijaza mapengo kwa vitu vya kwao.

Mauaji ya Mueda, ya tarehe 16 Juni 1960, ni jambo zito zaidi. Kwamba Wareno waliwapiga watu risasi, hilo halina ubishi. Ubishi uko katika hesabu: masimulizi yanataja watu 600 na zaidi, karatasi za Wareno zinataja 14. Mkoloni naye alikuwa na sababu ya kupunguza, nami simwamini eti kwa kuwa aliandika! Ila baada ya uhuru wa 1975 watu wa Mueda waliyaigiza mauaji hayo hadharani, na filamu ya Ruy Guerra ya mwaka 1979 iliyaonyesha maigizo hayo. Mtoto aliyekuwa hajazaliwa mwaka 1960 akawaona watu wakianguka, akawasikia mama wakilia. Akizeeka, akisema "niliona", tumjibu nini? Kweli aliona.

Na barazani je? Kesi ya mpaka wa mikorosho ikija, mashahidi hukaa chini ya mwembe tangu asubuhi wakikumbushana. Wakiitwa ndani, wote wanne wameuona mkorosho uleule mpakani, hata yule ambaye mwaka ule alikuwa akiishi Mtwara. Afadhali kila mmoja asikilizwe peke yake, kabla hajazungumza na mwenzake. Tena aulizwe, "Pale mpakani palikuwa na nini?" wala si, "Uliuona ule mkorosho?" Mwaka 1974 huko Marekani, Loftus na Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yaliyogongana. Walioulizwa kwa neno kali, kana kwamba magari yalipondana, walisema kuliko wenzao kwamba waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwamo.

Karatasi ya mauziano, kama ipo, isomwe mwisho, mashahidi wote wakiisha kusema.