Kahawa Iuzwayo Ingali Mbichi

Ndugu msomaji, mwanao aanzapo masomo ya uchumi, hesabu ya riba ni miongoni mwa zile atakazokutana nazo mwanzo kabisa. Usidhani kuwa hiyo ni hesabu ya mabenki tu. Huko Mbinga, katika milima ya Wamatengo, imo hata chini ya mibuni.

Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, lakini daftari za watoto na chakula cha nyumbani havingoji mavuno. Ndiyo maana ikazuka biashara iitwayo magoma: mwenye fedha huinunua kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei ya chini, kisha huichukua wakati wa mavuno. Neno riba halitajwi. Walakini riba imo, na hesabu huifichua.

Tuseme mwezi Februari mkulima amepokea shilingi 300,000 kwa ahadi ya kilo 100, yaani shilingi 3,000 kwa kilo. Ifikapo Agosti, bei ni shilingi 6,000. Basi ametoa mali ya shilingi 600,000, na riba yake ni 300,000. Kanuni yasema: zidisha riba kwa 100, kisha gawanya kwa mkopo uliozidishwa na muda. Muda ni nusu mwaka. Jibu ni asilimia 200 kwa mwaka!

Je, angekopa fedha hizo katika chama cha akiba na mikopo kwa asilimia 18 kwa mwaka? Riba ya miezi 6 ingekuwa shilingi 27,000. Deni lote, 327,000, lingelipwa kwa kilo 54 na nusu. Kilo 45 na nusu zingebaki mikononi mwake.

Tusimwonee mnunuzi, kwani naye amejitwika hatari ya bei kuanguka. Gawanya 327,000 kwa kilo 100, upate 3,270. Bei ya mavuno ikiwa hiyo, njia zote mbili ni sawa. Ikishuka zaidi, magoma yamemfaa mkulima. Basi swali la kujiuliza ni hili: je, yaelekea bei itashuka hadi hapo?

Sasa tuteremke hadi Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Tuseme mchuuzi wa usipa amekopa shilingi 10,000 kwa asilimia 10 kwa wiki, na riba isiyolipwa huongezwa juu ya deni. Wiki ya kwanza riba ni 1,000. Ya pili ni 1,100, kwa kuwa riba nayo imezaa riba. Ukitaka kukadiria deni litakuwa maradufu lini, gawanya 72 kwa asilimia ya riba: hapa ni wiki 7 na ushei. Na kweli, mwisho wa wiki ya 8 deni limepita shilingi 21,400.

Ewe mfanyakazi wa mjini, ndugu yako wa shambani akikutaka shauri, usianze kwa kumlaumu. Mwulize mambo matatu: utapokea kiasi gani, utatoa kiasi gani, na baada ya muda gani? Kisha mpe mwanao kalamu akokotoe, nanyi wazazi mkisikiliza. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.