Hadithi Zetu za Uarabuni Hazina Karatasi

Leo nina ugomvi. Nitaanza kugombana na nafsi yangu, asije mtu akasema kijana wa Bariadi kaota mapembe.

Ile hadithi wote tunaijua. Tumeisoma, tumeisikia redioni, na wengine wetu, aibu iliyoje, tumeiandika kwa mikono yetu wenyewe. Msichana mzuri wa kijijini anarubuniwa na dalali. Ng'ombe wa baba wanauzwa, anapanda pipa kwenda Uarabuni. Ukurasa wa tatu kanunua simu kubwa, anawadharau wenzake. Ukurasa wa saba bosi kamgeuka. Ukurasa wa mwisho yuko stendi na mfuko wa rambo, amekonda kama fito, na bibi kizee mmoja, ambaye sijui huwa anatoka wapi, anapita palepale na methali yake ya tamaa mbele mauti nyuma. Basi. Mwandishi anafunga daftari akiamini ameielimisha jamii.

Mimi ya kwangu niliiita "Machozi ya Muscat". Kurasa 14 za kaunta buku, kalamu ya bluu, pamoja na bibi kizee wake. Niliiandika mwaka 2022, nimetoka kumaliza shule, sina kazi, najiona tayari nimeshakuwa mwandishi mkubwa.

Mwaka huohuo dada yangu, mtoto wa mama mdogo, akarudi kutoka Oman. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili. Yeye alikaa miezi saba. Alishuka stendi ya Bariadi jioni, na kabla begi halijatua chini mtaa ulikwishatoa hukumu. Kijiweni kwetu kesi haichukui muda. "Katimuliwa huyo." "Atakuwa kaiba dhahabu." "Hamna, kamwekea macho mwenye nyumba." Na mwingine, mtu mzima kabisa ana wajukuu, akasema si alikuwa na tamaa, angebaki alime pamba. Pamba! Mtu aliyeona msimu wa 2019, bei elekezi shilingi 1,200 kwa kilo, halafu wanunuzi wanasuasua na mkulima anakaa na mzigo wake anaulizia fedha mwezi baada ya mwezi, naye anasimama hadharani kumwambia binti wa watu kwamba kuondoka ni tamaa.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Dada alikuwa akimtunza bibi mmoja mgonjwa, kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani usiku. Bibi akafariki. Hakuna zaidi ya hapo. Dada hakuiba wala hakumjibu mtu ovyo. Mwenye nyumba mwenyewe, anasema, hakuwa mtu mbaya, na siku ya msiba walilia pamoja jikoni. Na nyumba ya jirani palikuwa na mama mwenye watoto watatu aliyemtaka wiki ileile, mshahara uleule. Kazi ilikuwepo, ng'ambo ya ukuta. Angeweza kurusha begi lake likatangulia.

Hakuweza kwenda. Kibali chake kilikuwa kimefungwa kwenye jina la mtu mmoja, yule mdhamini ambaye kule wanamwita kafili. Kafili alikuwa ametoa fedha kwa wakala ili apelekewe mfanyakazi, na kabla ya kumwachia kwa mtu mwingine alitaka fedha zake zirudi. Jirani hakuwa tayari kuzilipa. Dada angevuka ule ukuta bila ruhusa, angehesabiwa mtoro, na mtoro ni mtu wa kutafutwa na polisi. Akapelekwa nyumba ya wakala, akalala kwenye zulia wiki tatu, simu wamemshikia, kisha akapandishwa ndege. Nauli walikata kwenye mshahara wake wa mwisho. Na msiniambie angefuata utaratibu. Aliufuata. Wakala alikuwa na leseni, mkataba ulikuwa na mihuri yote.

Siku moja nikampa "Machozi ya Muscat" aisome. Nilitegemea sifa, sifichi. Alisoma zote 14 bila kuinua uso. Akaniambia, "Mdogo wangu, umemwandika Mwarabu katili na msichana mjinga. Mbona humu ndani hakuna karatasi?"

Nikamjibu kwa kiburi changu cha kidato cha sita kwamba hadithi ni maisha, siyo mafaili. Akacheka. Akanirudishia daftari, akaenda zake kuchota maji.

Nimelitafuna swali lile tangu siku hiyo. Mathalani, nilikuwa sijui kwamba sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 haikuwahesabu wafanyakazi wa majumbani. Mwaka 2021 wageni wengi wa huko walipunguziwa mnyororo, mtu akimaliza mkataba akaweza kuhama bila barua ya ridhaa ya mwajiri wake wa zamani. Watu wakapiga makofi. Lakini mpishi, yaya na mwogesha wagonjwa hawakuwa ndani ya sheria hiyo, na ilipokuja sheria mpya ya kazi mwaka 2023 nayo ikawaacha nje. Kabla ya hapo, Novemba 2017, shirika la Human Rights Watch lilikuwa limetoa ripoti nzima juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walihojiwa wanawake 50 waliokuwa wamefanya kazi hizo. Pasipoti kushikwa na mwajiri ni habari inayorudi karibu kwa kila mmoja, na wapo walioambiwa walipe gharama za kuletwa kwao kwanza ndipo waachiwe. Ripoti hiyo ina mambo kuliko riwaya zetu zote za Uarabuni ukizifunga bando moja.

Tukibanwa tunakimbilia neno utumwa, tunataja Bagamoyo, tunapumua, tumemaliza. Nasema tumevivia. Mfano ulio karibu zaidi tunao nyumbani. Babu yake mama alikwenda mkonge Tanga. Manamba. Aliajiriwa kwa mkataba, akapewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na kadi isipojaa mshahara hauonekani. Chini ya sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 juu ya mabwana na watumishi, mtu aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha hakuambiwa ameacha kazi. Aliambiwa ametoroka, na alishtakiwa. Mtoro! Neno lilelile, miaka 100 baadaye, linamsubiri mjukuu wake juu ya ukuta wa jirani. Kumpiga mtu au kutompiga kunategemea moyo wa bwana. Kufukuzwa nchini kwa sababu mgonjwa wako amekufa hakutegemei moyo wa mtu yeyote. Kumeandikwa. Hapo ndipo mwandishi angetakiwa aweke jicho, nasi tunaliweka kwenye simu kubwa ya msichana.

Na asidhani mtu nawasema Waarabu. Shuleni kwetu, shule ya binafsi ambayo sitaitaja, tulikuwa na mwalimu wa hesabu kutoka Uganda. Tulimpenda kwa sababu alikuwa akitukana namba badala ya kututukana sisi. Katikati ya muhula shule ikaishiwa fedha, ikampunguza. Shule nyingine ilimhitaji, kwani ni wapi Simiyu hawahitaji mwalimu wa hesabu? Lakini chini ya sheria yetu ya ajira za wageni ya mwaka 2015 mwajiri ndiye anayekuombea kibali, na kibali cha mwajiri mmoja hukihamishi kama begi. Ilibidi mwajiri mpya aanze upya, alipe upya, asubiri. Shule ile ikaona taabu. Mwalimu tulimsindikiza stendi akapanda gari la Mwanza na vitabu vyake kwenye kiroba. Darasa zima tulilia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, "Karatasi inasemaje?" Tuliambiana tu kwamba labda aligombana na mkuu.

Marekani nako, fundi wa kompyuta wa viza ya H-1B akipoteza kazi hupewa hadi siku 60 apate mwajiri mwingine au afungashe. Siku 60 za roho juu. Lakini hebu mpelekeeni dada yangu habari hizo, mwambieni kuna mahali mtu akiachishwa kazi anapewa miezi miwili kamili ya kutafuta nyingine. Atadhani mnamsimulia peponi.

Najua nitakachojibiwa, eti fasihi si wizara ya kazi, msomaji anataka mapenzi na machozi. Sawa, bwana. Lakini niambieni ni mapenzi gani yenye mkasa kuliko kazi iliyo ng'ambo ya ukuta ambayo huruhusiwi kuifuata? Mnahangaika kubuni majini wakati kafili yupo na sahihi yake. Na kila mara tunapomrudisha yule msichana stendi na mfuko wa rambo na methali, kijiwe kinatusoma, kinapata ushahidi. Waliomwita Dada mwizi wamejifunza wapi kwamba anayerudi mapema amekosa? Wamejifunza kwetu. Ng'ombe wawili wa baba mdogo waliouzwa hawajarudi mpaka leo, deni la kikoba lilichukua mwaka na nusu kuisha, na yeye kwa muda mrefu alikuwa akipita njia ya nyuma kwenda sokoni, mchana kweupe, ndani ya mji aliozaliwa.

Siku hizi anauza dagaa wa Lamadi. "Machozi ya Muscat" nimeichana, nimebakiza jalada. Ninaandika nyingine, taratibu, na juzi nilimpelekea kurasa tano za mwanzo pale kwenye meza yake. Bibi kizee wa methali nimemwondoa. Alizisoma huku anapimia wateja, akakuta mahali nilipoandika kwamba yule msichana alipofika uwanja wa ndege wa Muscat aliulizwa jina lake. Akachukua kalamu ya kuandikia madeni, akakata mstari. Anasema jina hawakumwuliza. Waliuliza kafili wake ni nani.